Amplifaya ndani ya spika au amplifaya ya kando: mambo ya kujua kabla ya kuvusha mzigo Gisenyi

RUBAVU - Vyombo vya muziki vya nyumbani ni miongoni mwa bidhaa zinazopita Gisenyi kuelekea Goma, vingine kwa lori kupitia Grande Barrière, vingine kwa mkono au kwa baiskeli za matairi matatu kupitia Petite Barrière. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo wa aina hii hukutana na swali moja kila mara: achukue spika zenye amplifaya yake ndani, au achukue amplifaya ya kando na spika tupu?

Mazungumzo mengi juu ya swali hili huishia kwenye ubora wa sauti. Kwa mtu anayenunua chombo kimoja cha sebuleni, hiyo ni sawa. Kwa anayevusha makatoni thelathini, swali ni jingine: kikiharibika ng'ambo ya mpaka, kipande gani kitarudi, nani atakirudisha, na kwa karatasi gani? Aina hizi mbili zinatofautiana sana katika jambo hilo, na ndipo mtaji wa mfanyabiashara mdogo unapopotea.

Majina yanayochanganya

Kwanza ni majina, kwa sababu oda nyingi huharibika hapo. Tanzania na sehemu kubwa ya pwani, seti nzima ya muziki huitwa "sabufa", ingawa neno hilo kwa asili ni la boksi la besi peke yake. Kenya wengi husema "woofer" kwa maana hiyo hiyo. Upande wa Kongo mnunuzi atauliza "baffle" akimaanisha spika, na "ampli" akimaanisha amplifaya. Mtu wa Goma akiagiza "baffle mbili" kwa simu, muuzaji wa Gisenyi asifikiri moja kwa moja kwamba anataka zenye amplifaya ndani. Huenda tayari ana ampli nyumbani na anataka maboksi tu.

Kuna mifumo mitatu, si miwili kama wengi wanavyodhani.

Wa kwanza ni spika tupu na amplifaya ya kando. Ndani ya boksi mna spika zenyewe (ya besi, ya kati, na twita) pamoja na krosova, yaani saketi ndogo inayogawa sauti ili besi iende kwenye spika kubwa na sauti kali iende kwenye twita. Boksi halichomekwi kwenye umeme wa ukutani. Linapokea nguvu kwa waya mbili, nyekundu na nyeusi, kutoka kwenye amplifaya.

Wa pili ni spika yenye amplifaya ndani. Boksi lina waya wake wa umeme, na ishara ya muziki huingia ikiwa ndogo kutoka simu, televisheni, dikoda au kompyuta. Zile bora za aina hii zina amplifaya mbili ndani, moja ya besi na moja ya twita, na ishara hugawanywa kabla haijakuzwa. Si jambo jipya: kampuni ya Genelec ya Finland ilianza kutengeneza spika za namna hiyo mwaka 1978 kwa ajili ya studio za redio ya taifa ya nchi hiyo. Kilichobadilika baadaye ni bei, pamoja na simu kuwa ndiyo kichezeo cha muziki katika nyumba nyingi.

Wa tatu ni ule unaouzwa zaidi katika ukanda huu: sabufa yenye spika ndogo mbili, tatu au tano. Huu ni mseto. Amplifaya ya seti nzima imewekwa ndani ya boksi la besi, na spika ndogo ni tupu. Boksi la besi likifa, seti nzima imenyamaza hata kama spika ndogo ni nzima kabisa. Mfanyabiashara aiweke seti hii katika hesabu moja na spika zenye amplifaya ndani, maana kwa upande wa hasara tabia zao ni zile zile.

Wati za kwenye boksi na wati za kweli

Hapa ndipo pa kusimama kwa muda, kwa sababu ndipo wanunuzi wanapodanganywa mara nyingi zaidi, na muuzaji wa rejareja ndiye anayelaumiwa.

Upande wa mbele wa boksi huandikwa idadi kubwa ya wati, na pembeni herufi P.M.P.O. Hakuna kipimo cha kimataifa kinachoeleza namna ya kupata idadi hiyo, kwa hiyo kila kiwanda huandika kinachopenda. Nambari yenye maana ni ile ya RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kutoa kwa mfululizo. Marekani waliona tatizo hili mapema, na mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilitunga kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Kanuni hiyo iliongezwa makali mwaka 2024. Katoni linalotoka kiwandani kwenda masoko ya kwetu halibanwi nayo.

Lakini mfanyabiashara hahitaji maabara. Ageuze boksi asome kibandiko cha nyuma, karibu na waya wa umeme. Pale huandikwa volti na wati ambazo chombo kinavuta kutoka ukutani. Tuseme mbele pameandikwa wati 12,000 P.M.P.O. na nyuma pameandikwa volti 220-240, wati 60. Nguvu inayotoka kwa mfululizo haiwezi kuzidi inayoingia. Chombo hicho ni cha chini ya wati 60, basi. Kwa amplifaya za mtindo wa zamani zenye bati kubwa la kupoza joto (daraja AB), nusu hivi ya umeme hupotea kama joto, kwa hiyo ibaki wati 30 au zaidi kidogo. Kwa zile za daraja D, ambazo ni nyepesi na hazichemki sana, hasara ni ndogo, na zinaweza kutoa karibu wati 50. Kama spika inatumia adapta, hesabu ni rahisi zaidi: adapta ya volti 12 na ampea 2 ni wati 24, na hakuna herufi zitakazoongeza.

Kweli, kapasita za ndani hutunza umeme kidogo na zinaweza kutoa mshindo wa muda mfupi sana unaozidi kiwango hicho. Hilo halifikishi wati 60 kuwa 12,000.

Jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi: kuongeza wati mara mbili hakuongezi sauti mara mbili. Kutoka wati 30 hadi 60 ni desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haimshangazi mtu. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, wati zinatakiwa ziongezeke karibu mara kumi. Ndiyo maana spika tupu yenye wepesi wa kupokea wa desibeli 90 ikilishwa wati 30 hutoa sauti sawa na ya desibeli 87 inayolishwa wati 60. Nambari hiyo huandikwa nyuma ya spika za kando zilizo nzuri. Kwenye zile zenye amplifaya ndani huwa haipo, na kukosekana kwake si kosa, kwani kiwanda kimeshapima amplifaya ilingane na spika yake.

Huo ndio ubora mkubwa wa amplifaya ya ndani. Mnunuzi hana nafasi ya kukosea. Hawezi kuunganisha amplifaya kubwa kwenye spika ndogo akaichana, wala spika nyingi kwenye amplifaya dhaifu akaiunguza.

Kwa mfumo wa kando, makosa hayo hutokea kila wiki. Spika huwa na omu 4, 6 au 8. Amplifaya nyingi za nyumbani zimeandikwa nyuma kwamba zinakubali kuanzia omu 4 au 6 kwenda juu. Mwenye baa ndogo hununua spika mbili za omu 8, zinalia vizuri. Mwezi unaofuata anaongeza mbili nyingine na kuzifunga sambamba kwenye matundu yale yale. Omu 8 mbili zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4. Akiongeza tena, zinakuwa chini ya 3, na transista zinaungua usiku wa Jumamosi. Anarudi dukani akisema ameuziwa ampli mbovu. Muuzaji anayeandika omu kwenye risiti, na kumweleza mteja wakati wa kuuza, hujiepusha na ugomvi huo.

Umeme wa pande mbili za mpaka

Rwanda hutumia volti 230 na Kongo 220, zote kwa hezi 50, kwa hiyo chombo kilichotengenezwa kwa volti 220-240 kinafaa pande zote. Hatari iko kwenye vitu viwili.

Cha kwanza ni amplifaya za mtumba. Majina kama Pioneer, Kenwood, Sansui, Technics na Yamaha yanaheshimika sana kwa mafundi, na si bila sababu: transfoma nzito, bati nene, saketi inayofunguka. Lakini chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani ni cha volti 100, na cha Marekani ni cha volti 120. Kikichomekwa Gisenyi au Goma bila transfoma ya kushusha, kinakufa kabla ya wimbo wa kwanza. Kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya kulipa. Baadhi ya vyombo vina swichi ndogo nyuma ya kuchagua 115 au 230, na baadhi ya spika zenye amplifaya ndani za ukumbini zinayo pia. Mzigo ukifika, swichi hiyo ikaguliwe katoni kwa katoni. Aidha, Rwanda ina kanuni za taka za elektroniki zilizotolewa na mamlaka ya RURA mwaka 2018, hivyo anayefikiria kuleta mtumba kwa wingi amuulize wakala wake masharti kabla ya kutuma fedha.

Cha pili ni umeme wenyewe. Goma hupata umeme wa SNEL unaotoka Ruzizi, na kuna pia umeme wa maporomoko ya Matebe, Rutshuru, unaosambazwa na Virunga. Mji huo umepitia kukatika kwa umeme mara nyingi, ikiwemo wakati wa mapigano ya Januari 2025. Kinachoua amplifaya mara nyingi si umeme unapokatika bali unaporudi kwa kishindo. Amplifaya ya kando huwa moja, na kinga moja ya umeme inatosha kuilinda. Spika mbili zenye amplifaya ndani zinahitaji soketi mbili, na mara nyingi moja tu ndiyo inayopewa kinga.

Suala la plagi linaonekana dogo lakini lina gharama. Mzigo uliotoka Dubai, Nairobi, Kampala au Dar es Salaam huja na plagi ya Kiingereza ya miguu mitatu ya bapa. Gisenyi na Goma soketi ni za matundu ya duara. Adapta hafifu inayocheza kwenye soketi hutoa cheche na kuchemka. Anayeagiza kutoka kiwandani aombe plagi ya miguu ya duara tangu mwanzo, haiongezi bei.

Kwa nyumba zinazotumia sola, hesabu inageuka. Ampli kubwa ya zamani inaweza kula wati 20 hadi 40 ikiwa imewashwa tu, hata kabla ya kupandishwa sauti. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina takriban wati-saa 1,200, na betri ya asidi haishauriwi kushushwa zaidi ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600. Spika ya daraja D yenye tundu la volti 12 hutumia betri hiyo moja kwa moja bila kupitia inveta, ambayo nayo hula sehemu yake. Kwa mteja wa vijiji vya Nyiragongo au Masisi asiyefikiwa na nguzo, hiyo ndiyo bidhaa. Upande wa Rwanda mteja mwenye mita ya Cash Power huuliza swali hilo hilo kwa namna nyingine: inakula yuniti ngapi?

Ikiharibika, anarudisha nini?

Tuseme mfanyabiashara wa Gisenyi ameuza seti kumi Birere. Moja inanyamaza baada ya siku nne.

Ikiwa ni mfumo wa kando, mteja anajua mwenyewe kilichokufa. Anahamisha waya za spika kwenye ampli ya jirani. Zikilia, ampli ndiyo mbovu. Kinachorudi Gisenyi ni katoni moja dogo, au hata hakirudi, kwa sababu fundi wa Goma anaifungua. Vipuri vya amplifaya za kawaida vinajulikana na vinapatikana: transista za jozi 2SC5200 na 2SA1943, vipande kama TDA2030 na TDA7294, fyuzi, kapasita. Wakati ampli iko kwa fundi, spika zinaendelea kutumika na ampli ya kuazima, na mteja hana hasira sana.

Ikiwa ni spika yenye amplifaya ndani, boksi zima limekufa, na ndilo linalotakiwa kusafiri. Bodi ya daraja D ina vipande vidogo mno vilivyobandikwa juu ya uso wa bodi, na fundi wengi wenye chuma cha kulehemu cha kawaida hawaviwezi. Dawa huwa ni kubadilisha bodi nzima, na bodi hiyo ni ya chapa hiyo na toleo hilo tu. Muuzaji asipokuwa na bodi za akiba, hana cha kufanya ila kubadilisha boksi.

Na sasa boksi linatakiwa kurudi Rwanda. Kwa forodha, bidhaa iliyouzwa Kongo ikirudi Gisenyi ni bidhaa inayoingia nchini. Bila karatasi zinazoonyesha kwamba ilitoka hapo hapo na inarudi kwa sababu ya ubovu, mwenyewe anaweza kujikuta anadaiwa ushuru kwa mara ya pili juu ya boksi lisilolia. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatambua bidhaa zilizouzwa nje na kurudishwa, lakini inataka ithibitike kuwa ni bidhaa ile ile. Uthibitisho huo ni tamko la kutoka, ankara, na nambari ya chombo. Aliyepitisha mzigo kidogo kidogo bila tamko hana hata kimoja. Ndiyo maana garantii nyingi zinazotolewa kwa mdomo Gisenyi hufa pale kwenye kizuizi.

Wafanyabiashara wenye uzoefu wa vyombo vya umeme huagiza akiba ya bodi na adapta pamoja na mzigo wenyewe. Bodi chache katika kila spika mia hazichukui nafasi kwenye kontena, na huziacha kwa fundi mmoja wanayemwamini Goma. Hapo boksi halivuki tena.

Ushuru na jina la bidhaa

Kwenye jedwali la forodha, bidhaa hizi hazikai mahali pamoja. Spika moja ndani ya boksi lake iko chini ya 8518.21, spika kadhaa katika boksi moja ni 8518.22, amplifaya ya kando ni 8518.40, na seti ya kukuza sauti iliyounganishwa ni 8518.50. Kuwa na amplifaya ndani hakuiondoi spika kwenye 8518. Kinachoiondoa ni redio na kichezeo. Boksi likiwa na redio ya FM, au likicheza lenyewe muziki wa flashi na kadi, ofisa anaweza kulipeleka 8527 au 8519. Sabufa nyingi za siku hizi zina vyote hivyo. Ankara iliyoandikwa "speakers" tupu huku kwenye katoni pamechorwa redio ni mwaliko wa kufunguliwa mzigo, na siku ya kusimama barazani ni siku iliyolipiwa na mwenye lori. Afadhali ankara iseme wazi: boksi lina nini, limetoka kiwanda gani, wati ngapi za kuingia.

Rwanda ilianza kutumia ushuru wa pamoja wa Jumuiya mwaka 2009. Bidhaa zilizokamilika kutoka nje ya Jumuiya kwa kawaida huangukia kwenye kiwango cha 25%, na mwaka 2022 kiliongezwa kiwango cha 35% kwa baadhi ya bidhaa. Wakala athibitishe mstari husika kabla ya oda. Juu yake kuna VAT ya 18% na tozo nyingine ndogo. Mzigo unaopita tu kwenda Kongo haulipi hayo Rwanda, bali husafiri chini ya dhamana ya forodha mpaka utoke, na upande wa pili, kabla ya Goma kutekwa Januari 2025, DGDA ndiyo iliyokuwa ikitoza, huku OCC ikikagua ubora. Aliyenunua mzigo uliokwisha lipiwa VAT Kigali na kuuuza Goma anaweza kuuingiza kama mauzo ya nje ya kiwango cha sifuri, mradi awe na ushahidi kwamba ulitoka.

Kuna dhana imeenea tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022 kwamba kila kitu sasa kinapita bure. Si hivyo. Msamaha ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo nao unahusu bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja na zenye asili ya ukanda huo. Spika ya Guangzhou haigeuki kuwa ya Rubavu kwa kulala usiku mmoja ghalani.

Njiani

Kwa msafirishaji, spika ni mzigo wa ujazo, amplifaya ni mzigo wa uzito. Katoni la sentimita 40 kwa 40 kwa 60 lina ujazo wa mita 0.096. Kontena la futi 20 lina mita za ujazo kama 33, lakini kwa kupanga kwa kawaida zinatumika 28 hivi, ambazo ni makatoni 290. Sehemu kubwa ya hayo ni hewa iliyofungwa kwenye mbao. Amplifaya zenye transfoma zikae chini, spika juu, na kamwe isiwe kinyume: kutoka Mombasa au Dar es Salaam hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa njia yoyote, kisha kuna kona za Musanze kabla ya kushuka Gisenyi.

Maboksi mengi ni ya mbao za unga, zinazovimba zikinyeshewa na hazirudi. Mwezi Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba, turubai moja haitoshi. Kwa spika yenye amplifaya ndani, adui mkubwa ni mtikisiko. Transfoma au bati la kupoza limefungwa kwa skrubu nne kwenye ubao huo laini wa nyuma. Baada ya chukudu kupita juu ya mawe ya lava katika mitaa ya Goma, skrubu hulegea, bodi hupasuka, na boksi hufika likiwa zuri kwa nje na bubu kwa ndani. Makatoni ya aina hii yasimamishwe wima na upande wa amplifaya uelekee ndani ya rundo. Yanayopanda boti kwenda Bukavu yafungwe nailoni kila moja, si rundo zima.

Spika za kubeba zenye betri zina sheria zake. Betri ya lithiamu iliyo ndani ya chombo hutambulika kwa nambari ya Umoja wa Mataifa UN3481, na inayosafiri peke yake ni UN3480. Hiyo ya pili hairuhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Anayeleta betri za akiba kwa ndege hadi Kigali bila kutamka atazipoteza. Betri nzito za asidi za volti 12 zinazowekwa kwenye spika za magurudumu zinatakiwa zikae wima, na waya mmoja uchomolewe kabla ya safari.

Nani anunue nini

Nyumba yenye umeme wa kuaminika, televisheni na simu, isiyo na mtu wa kuunganisha waya: spika zenye amplifaya ndani au sabufa. Hapa ndipo mauzo ya haraka yalipo, na faida kwa kila kipande ni ndogo. Baa, saluni, chumba cha maombi na mtu anayepanga kuongeza spika baadaye: amplifaya ya kando. Huuzwa polepole, lakini mteja hurudi kununua spika nyingine, waya, na kipaza sauti, na ubovu wake hautambi kurudi mpakani. Kwa aliye na mtaji wa oda moja tu na asiye na fundi upande wa pili, kuweka fedha zote kwenye sabufa za bei ya chini ni kamari, hata kama ndizo zinazoulizwa kila siku.

Malipo nayo yaangaliwe. Baada ya Goma kutekwa na waasi wa M23 Januari 2025 na benki zake kufunga milango, wakazi wengi walivuka kuja Gisenyi kutafuta huduma za fedha, na uuzaji kwa mkopo ukawa mgumu zaidi kuliko ulivyokuwa. Mpaka wenyewe ulifungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, na saa za kupita zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Ahadi ya "nitakubadilishia kesho" ina thamani pale tu kesho mlango unapofunguliwa.

Kabla mzigo haujavuka, kila chombo kiwashwe kwa nusu saa, si dakika mbili. Bodi yenye kasoro mara nyingi hufa ikishapata joto. Sauti iwe ya kati, njia zote zijaribiwe (waya, flashi, simu, redio), mkono uwekwe nyuma kusikia kama kuna harufu au joto lisilo la kawaida. Boksi litikiswe taratibu likiwa limezimwa. Kinacholialia ndani ni skrubu. Spika ikivuma baada ya kuunganishwa na dikoda, mara nyingi si mbovu, ni plagi mbili zilizo kwenye soketi za mbali: zihamishiwe soketi moja kwanza. Nambari ya kila kipande iandikwe kwenye ankara na kwenye tamko la kutoka, moja moja, kwa sababu boksi likirudi hiyo ndiyo itakayotafutwa dirishani.